John Ray, Kasisi Aliyeijua Miti kwa Majina

Wengi wetu tulionyeshwa miti na wazee wetu. Bibi alituonyesha mkwaju, babu akatuonyesha mvule na mninga, nasi tunaijua mpaka leo bila kitabu. Lakini mtu akihamia nchi ngeni, au akiwa hana mzee wa kumwuliza, atafanyaje? Atasimama chini ya mti na jani mkononi, na mti hausemi jina lake. Siku hizi atafungua kitabu kidogo cha kutambulia miti na vichaka, atalinganisha jani, ua, gome na tunda, na baada ya muda atalipata jina. Vitabu vya namna hiyo havikuanguka kutoka mbinguni. Miongoni mwa watu waliovitengeneza tangu mwanzo, wa mbele kabisa alikuwa kasisi wa Kanisa la Uingereza, John Ray, na habari zake zastahili kujulikana katika mitaa yetu.

Alizaliwa tarehe 29 Novemba 1627 katika kijiji cha Black Notley, wilaya ya Essex. Baba yake, Roger, alikuwa mhunzi wa kijiji. Mama yake, Elizabeth, alijua majani ya dawa, na majirani walipougua walimwendea. Basi mtoto yule alikua kati ya nyundo ya baba na majani ya mama, na hapana shaka kwamba majani ndiyo yaliyomshika zaidi. Alisoma katika mji wa jirani wa Braintree, na mwaka 1644 akaenda Chuo Kikuu cha Cambridge, ingawa nyumbani hapakuwa na mali. Mwaka 1646 alihamia chuo cha Trinity, na mwaka 1649 akachaguliwa kuwa mmoja wa walimu wakaaji wa chuo hicho. Alifundisha Kigiriki, kisha hesabu, kisha Kilatini. Kwa mwana wa mhunzi hiyo ilikuwa heshima kubwa: chumba, chakula, mshahara, na vitabu vyote alivyovitamani.

Karibu na mwaka 1650 aliugua, akashauriwa apumzishe akili na kutembea nje kwa miguu au kwa farasi. Katika matembezi hayo alianza kuitazama mimea ya kando ya njia, ambayo alikuwa ameipita miaka yote bila kuiona. Akataka kujua majina yake. Akatafuta mwalimu wa kumwongoza katika Cambridge yote, na katika ule wingi wa wasomi wa Kigiriki na falsafa hakumpata hata mmoja. Ilimbidi ajifundishe mwenyewe. Rafiki yake John Nidd, mwalimu mwenzake wa Trinity, alimsaidia, lakini alifariki kabla ya kazi yao kutolewa.

Vitabu vya mimea vilikuwapo, tusiseme havikuwapo. Cha Gerard kilitolewa mwaka 1597, na cha Parkinson mwaka 1640. Lakini yalikuwa madude makubwa mazito, ya kukaa mezani, wala hakuna mtu awezaye kuyabeba kondeni. Tena ndani yake ukweli na uvumi vilichanganywa kama mchele na chuya. Gerard alifunga kitabu chake kwa habari za mti wa pwani ya kaskazini ambao, kwa maelezo yake, matunda yake hupasuka na kutoa mabata bukini! Ray na rafiki yake Willughby, tutakayemtaja punde, walikuja kuikanusha hadithi hiyo waziwazi katika kitabu chao cha ndege: bukini hutoka katika yai kama ndege wengine wote.

Ray alishika njia nyingine. Aliandika yale aliyoyaona. Alikusanya mimea, akapanda mingi katika bustani yake ndogo pale chuoni ili aione ikikua tangu mbegu, na mwaka 1660 akatoa kitabu kidogo cha Kilatini, bila kutia jina lake, juu ya mimea imeayo yenyewe kandokando ya Cambridge. Kiliingia mfukoni. Kilikuwa na mimea zaidi ya 500, na kila mmoja ulipewa jina, na majina yake mengine yaliyotumiwa na waandishi wa kale, ili watu waache kuhesabu mmea mmoja kuwa mitatu. Tena alitaja mahali penyewe unapoonekana: vilima vya Gogmagog, mabwawa ya Cherry Hinton, msitu wa Madingley. Mwishoni aliongeza faharasa ya majina ya Kiingereza, faharasa ya mahali, na maelezo ya maneno magumu. Kwa mara ya kwanza mwanafunzi wa wilaya moja ya Uingereza aliweza kutoka asubuhi na kitabu mfukoni, akaenda mahali palipotajwa, akainama na kuangalia kama asemayo mwandishi ni kweli.

Hata hivyo kitabu hiki kilikuwa na upungufu mmoja mkubwa, na ndio uliomshughulisha Ray kwa miaka 30 iliyofuata. Mimea ilipangwa kwa alfabeti ya majina ya Kilatini. Ndugu msomaji, fikiri kidogo. Ukiwa unajua jina la mti, utaupata upesi katika herufi yake. Lakini ukiwa hujui jina, na kwa sababu hiyo ndiyo umefungua kitabu, alfabeti itakufaa nini? Itakulazimu usome kurasa zote. Ray mwenyewe aliweka mwishoni muhtasari wa kuigawa mimea kwa jamaa zake, kama mtu aonyeshaye mlango ambao bado hajaufungua.

Mwezi Desemba mwaka huohuo wa 1660 alipewa daraja takatifu, na mahubiri yake katika kanisa la chuo yalipendwa. Angeweza kukaa pale hadi uzee. Lakini mwaka 1662 Bunge lilitunga sheria ya kulazimisha ibada ya namna moja. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe watu wengi walikuwa wameapa Agano la mwaka 1643, lililotaka maaskofu waondolewe. Sasa mfalme na maaskofu walikuwa wamerudi, na kila kasisi na kila mwalimu wa chuo alitakiwa atie sahihi kwamba kiapo kile hakimfungi mtu yeyote aliyekiapa. Ray hakuwa ameapa Agano lile, wala halikumpendeza. Kitabu cha Sala alikikubali. Kwa hiyo wengine walimwona mkaidi wa bure: hakuapa, kwa nini basi asitie sahihi ya neno lisilomhusu? Lakini yeye aliona kwamba kutamka viapo vya wengine kuwa si kitu ni jambo asilokuwa na haki ya kulifanya. Hakutia sahihi. Siku ya Mtakatifu Bartholomayo, tarehe 24 Agosti 1662, nafasi yake ya chuoni ikakoma, pamoja na chumba, mshahara na bustani. Makasisi wapatao 2,000 walipoteza nafasi zao katika miaka ile. Wengi walianzisha makanisa yao. Ray hakufanya hivyo. Alibaki katika Kanisa la Uingereza, akishiriki Meza ya Bwana kama mlei, maisha yake yote.

Alikuwa na umri wa miaka 34, hana kazi wala mali. Aliyemwokoa ni mwanafunzi wake wa zamani, Francis Willughby, kijana tajiri wa Middleton Hall katika Warwickshire. Wawili hao waliazimia kueleza viumbe vyote vyenye uhai: Willughby ashike wanyama, ndege, samaki na wadudu, na Ray ashike mimea. Toka mwaka 1663 walizunguka Ulaya pamoja na wenzao: Uholanzi, Ujerumani, Uswisi, Italia. Ray alifika mpaka Sisilia na Malta, akarudi mwaka 1666 kwa njia ya Ufaransa. Mwaka 1667 akaingizwa katika Royal Society, chama cha wataalamu cha London, na miaka miwili baadaye yeye na Willughby wakatoa habari za majaribio waliyoyafanya kwa kutoboa miti wakati wa masika ya Ulaya, kutaka kujua maji ya mti yanapandaje na kushukaje ndani ya shina.

Wakati huo huo alipata funzo chungu. John Wilkins, aliyepata kuwa mkuu wa chuo cha Trinity na ambaye mwaka 1668 alikuwa Askofu wa Chester, alikuwa akitunga lugha mpya ya watu wote, ambamo kila kitu duniani kingekuwa na mahali pake katika jedwali. Akamwomba Ray amtengenezee jedwali za mimea. Ray alikubali kwa heshima, lakini askofu alikuwa amekwisha kuamua idadi ya mafungu na jinsi ya kugawanyika, na mimea ikabidi ibanwe humo kama miguu katika viatu vya mtu mwingine. Kitabu kilipotoka, Robert Morison, aliyekuwa mtaalamu wa mimea huko Oxford, alizishambulia zile jedwali mbele ya watu. Ray alijua vema kwamba zilikuwa na kasoro, maana aliandikia rafiki zake hivyo kabla ya kushambuliwa. Tangu hapo hakuipangia mimea idadi ya mafungu kabla ya kuitazama.

Willughby alifariki mwezi Julai 1672, akiwa na miaka 36 tu. Katika wasia wake alimwachia Ray pauni 60 kila mwaka, na malezi ya watoto wake. Ray alikamilisha vitabu vya rafiki yake juu ya ndege na samaki na kuvitoa kwa jina la Willughby, ingawa sehemu kubwa ya kazi ilikuwa yake mwenyewe. Mwaka 1673 alimwoa Margaret Oakley, msichana aliyefanya kazi katika nyumba ile ile. Mjane wa Willughby hakupendezwa na kukaa kwake, na baada ya muda ilibidi wahame. Mwaka 1677 aliombwa awe katibu wa Royal Society, akakataa. Mwaka 1679, mama yake alipofariki, alirudi Black Notley katika nyumba ya Dewlands aliyokuwa amemjengea huyo mama. Humo alikaa miaka 25 akiishi kwa zile pauni 60, naye kutoka humo, kijijini, mbali na maktaba kubwa, akaandika vitabu vyake bora.

Cha kwanza kilitoka mwaka 1682, juu ya njia mpya ya kuipanga mimea. Hapo alionyesha jambo ambalo kila mkulima wetu ameliona, hata kama hakulipa jina. Panda mbegu ya mahindi: hutokeza jani moja kwanza. Panda mbegu ya maharage: yatoka majani mawili pamoja. Ray alionyesha kwamba tofauti hii ya mbegu huenda pamoja na tofauti nyingine katika mmea mzima, na kwamba mimea yenye maua hugawanyika hapo katika makundi mawili makubwa. Mnazi, mgomba na nyasi vimo upande wa jani moja; mwembe, mkwaju na mpapai vimo upande wa mawili. Wataalamu wa siku hizi wamegundua kwamba upande wa majani mawili una matawi ya kale yasiyoungana na mengine, lakini kundi la jani moja lingali limesimama kama alivyoliweka.

Pili, alikataza kutegemea alama moja peke yake. Wengine walipanga mimea kwa umbo la ua tu, wengine kwa tunda tu. Ray aliuliza mambo yote pamoja: mbegu, ua, tunda, jani, mzizi, harufu, na mahali unapomea. Mtu aliyewahi kutafuta jina la mti wakati wa kiangazi, usipokuwa na ua wala tunda, atamshukuru. Na kwa kuwa fedha za kuchora picha hazikupatikana, ilimpasa maneno yake yafanye kazi ya picha. Ndiyo sababu alijali sana istilahi. Neno petali, ambalo watoto wetu hulikuta katika somo la sayansi, lilienezwa na yeye, baada ya kulitwaa kwa Mwitalia Fabio Colonna.

Kisha ikaja kazi kubwa mno, Historia Plantarum, yaani habari za mimea yote ya dunia iliyojulikana, katika majuzuu matatu ya miaka 1686, 1688 na 1704, yenye mimea zaidi ya 18,000. Katika juzuu la kwanza aliweka kanuni ya kujua kama mimea miwili ni aina moja au mbili: usiangalie ukubwa wala rangi ya ua, bali tazama kama tofauti hiyo hurudi tena katika mimea inayotokana na mbegu zake. Katika la pili alieleza miti migeni iliyopandwa Fulham na Henry Compton, Askofu wa London, aliyekuwa mpenda miti mashuhuri.

Lakini kitabu tunachokitaka sisi ni kidogo kuliko hivyo vyote. Mwaka 1690 alitoa Synopsis, mimea ya Uingereza katika kitabu cha mfukoni, na safari hii haikupangwa kwa alfabeti. Ilipangwa kwa undugu wake, kuanzia ile duni hadi miti na vichaka vilivyowekwa mwishoni. Mtu aliyesimama mbele ya kichaka asichokijua aliweza sasa kuanza na kile anachokiona, akashuka kutoka kundi kubwa hadi dogo, hata akafika kwenye jina. Ule mlango wa mwaka 1660 ulikuwa umefunguliwa. Namna ya kuuliza maswali mawili mawili, hili au lile, ilikamilishwa baadaye na Lamarck huko Ufaransa mwaka 1778. Lakini watembeaji wa Uingereza walikuwa wamekwisha kuzoea Synopsis kwa karne karibu nzima.

Jambo moja alilishikilia ambalo elimu imelikataa. Kwa desturi ya kale aliitenga miti na majani, akisema miti huonekana kwa macho yake ya kuchipulia, ambayo majani hayana. Rivinus, mtaalamu wa Leipzig, alibishana naye kwamba ukubwa wa mmea si undugu. Rivinus alisema kweli. Mkwaju ni mti mkubwa na kunde ni mmea wa kutambaa shambani, lakini fungua maganda yao uone: ni jamaa moja. Hata hivyo, kwa maoni yangu, Ray hakushindwa kabisa. Anayetembea msituni huona kwanza kwamba huu ni mti au ni kichaka, ndipo aulize mengine. Na kwa sababu hiyo vitabu vya miti na vichaka vinaendelea kutolewa peke yake hadi sasa, kama kile cha Kenya cha Dale na Greenway cha mwaka 1961.

Nyumbani Dewlands walizaliwa mabinti wanne, wa kwanza mapacha, Margaret na Mary, mwaka 1684. Mary alifariki mwaka 1698, na pigo hilo lilimwumiza sana baba yake. Miguu ya Ray ilikuwa imejaa vidonda visivyopona. Mtu aliyepanda milima ya Wales na Uswisi kutafuta jani moja sasa hakuweza kufika mbali na mlango wake. Samuel Dale, muuza dawa wa Braintree, alimtembelea na kumletea mimea, na mabinti walimletea viwavi kutoka bustanini, naye akaandika habari zao kitandani. Mahubiri yake ya zamani ya Cambridge aliyageuza kuwa kitabu juu ya hekima ya Mungu katika uumbaji, kilichotoka mwaka 1691 na kuchapwa mara nyingi. Kwa hiyo kasisi aliyefungiwa mimbari alisikiwa na watu wengi kuliko waliomfungia.

Tarehe 7 Januari 1705 alianza kumwandikia barua rafiki yake Hans Sloane wa London. Mkono ulimshinda, barua ikakatika kabla ya kumalizika. Alifariki tarehe 17, akazikwa katika uwanja wa kanisa la Black Notley. Inasimuliwa kwamba alipewa nafasi ya kuzikwa ndani, karibu na madhabahu, lakini akachagua kulala nje pamoja na wazazi wake. Askofu Compton na marafiki wengine walitoa fedha, wakamsimamishia mnara wa jiwe wenye maandishi ya Kilatini.

Synopsis ilichapwa tena mwaka 1724 na Dillenius, safari hii ikiwa na picha, na Linnaeus wa Sweden aliitumia alipoandika juu ya mimea ya Uingereza mwaka 1754. Mwaka 1844 wataalamu wa Uingereza waliunda chama cha kuchapa vitabu vya viumbe, wakakiita kwa jina lake. Padre Charles Raven, profesa wa theolojia huko Cambridge, aliandika maisha yake mwaka 1942. Dewlands iliungua mwaka 1900. Kile kitabu kidogo cha mwaka 1660 kilitolewa tena kwa Kiingereza mwaka 2011, na anayekishika anaweza kutoka na kwenda mahali Ray alipopataja, akatazama ni mimea gani ingali ipo na ni ipi imetoweka.